Filamu za Kutisha Zenye Sehemu Nyingi: Uanzie Wapi, Uruke Zipi

Nambari kwenye jina la filamu ya kutisha si ya kuaminika. Filamu zinazoitwa Halloween tu, bila nambari wala neno la ziada, ziko tatu: ya 1978, ya 2007 na ya 2018. Scream ziko mbili, ya 1996 na ya 2022. Final Destination ya 2000 na The Final Destination ya 2009 zimetenganishwa na kineno kimoja cha mbele, na hiyo ya 2009 ni sehemu ya nne. Kijana wa duka la muvi pale Kondele akikujazia flashi mbio mbio, si ajabu ufike nyumbani na sehemu ya kumi na moja ukidhani ni ya kwanza.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kukaa na wenzake wikendi moja, iwe ni bedsita ya Njoro, sebule ya Milimani Kisumu au nyumba ya ploti kule Lurambi, watazame mfululizo mmoja kwa mpangilio unaoeleweka. Miisho hatujaifichua. Palipobidi tumegusia tu.

Kwanza, faili

Badilisha majina ya faili: mwaka mbele, jina nyuma. "1978 Halloween", "1981 Halloween II", na kuendelea. Runinga nyingi hupanga vilivyo kwenye flashi kwa herufi na tarakimu, kwa hiyo mwaka ukitangulia, filamu zitajipanga zenyewe. Kisha fungua kila moja, ruka hadi katikati, tazama dakika moja, halafu ruka hadi karibu na mwisho. Hapo ndipo utagundua faili iliyokatika, sauti ya Kirusi, au toleo lenye msimulizi anayeongea juu ya waigizaji. Usimulizi una raha yake kwenye filamu za ngumi, hakuna anayebisha. Lakini filamu ya kutisha hujengwa kwa ukimya, na msimulizi kazi yake ni kuujaza.

Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili inayozidi GB 4, na filamu yenye picha safi hupita hapo kwa urahisi. Tumia NTFS au exFAT, ila jaribu kwanza, kwa sababu runinga za zamani hazisomi exFAT. Ukipata sauti bila picha, mara nyingi faili ni ya HEVC, namna mpya ya kubana video, na runinga yako haiijui. Ukipata picha bila sauti, shuku sauti ya aina ya DTS. Dawa ya yote mawili ni ile ile: laptopu, waya wa HDMI na programu ya VLC. Maandishi ya chini yakitangulia au kuchelewa, bonyeza G au H kwenye VLC yasogee kidogo kidogo mpaka yakutane na midomo.

Kwa wanaotiririsha, hakikisha sehemu zote unazotaka zipo kabla ya kualika mtu. Ni kawaida kukuta sehemu ya 2 na ya 4 zipo, ya 1 haipo. Pakua mapema ukiwa kwenye waifai, maana picha ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa na bando la usiku haliwezi kubeba mzigo huo.

Masharti ya zimwi

Zimwi la filamu huwa na masharti. Freddy Krueger wa A Nightmare on Elm Street anakupata ukiwa usingizini. Michael Myers wa Halloween hasemi wala hakimbii. Kifo cha Final Destination hakina mwili. Kinawarudia waliokiponyoka, mmoja mmoja, kwa zamu. Mtazamaji akishayashika masharti, hofu hujiendesha yenyewe, kwa sababu anapiga hesabu pamoja na mhusika. Mwendelezo mzuri huyashika masharti ukabadilisha mahali, watu au swali. Mwendelezo mbovu huyavunja na hauleti mengine ya kuyashika.

Elm Street inaonyesha jambo hili wazi kuliko mfululizo wowote. Katika sehemu ya pili (1985) Freddy anatoka ndotoni na kuvamia tafrija kando ya bwawa la kuogelea. Vijana wako macho kabisa, wanakimbia huku na huku, naye anawafuata kama jambazi yeyote mwenye visu. Ukishaona hivyo, kulala hakukutishi tena, na filamu imepoteza silaha yake ya pekee. Sehemu ya tatu, Dream Warriors (1987), Wes Craven, aliyeandika na kuongoza ya kwanza, alirudi kwenye uandishi, na sharti likarudi pamoja naye: ni usingizini tena, ila safari hii vijana wa hospitali wanaweza kuingia ndoto moja wakiwa pamoja. Kwa hiyo tazama ya 1984, ruka ya pili, nenda ya tatu, kisha New Nightmare ya 1994, ambamo waigizaji wa filamu ya kwanza wanaigiza nafsi zao wenyewe. Ya nne ni ya mwenye muda. Ya tano na ya sita ziache. Ile ya 2010 imetengenezwa upya bila Robert Englund, aliyekuwa akiigiza Freddy, na pengo lake linaonekana kila Freddy anapofungua mdomo.

Dalili nyingine ya kuangalia ni 3D. Friday the 13th Part III (1982), Jaws 3-D (1983), Final Destination ya 2009 na Saw ya 2010 zote zilitengenezwa ili vitu viruke kuelekea uso wa mtu aliyevaa miwani ukumbini. Kwenye runinga ya kawaida unabaki kuona fimbo ikielekezwa kwenye kamera bila sababu, na wageni wanaanza kucheka pasipo pa kucheka.

Halloween: mikondo, si foleni

Filamu ziko 13, na kosa kubwa ni kuzitazama zote kwa zamu. Hadithi imeanzwa upya mara kadhaa, kila timu ikijifanya haikuona filamu fulani za nyuma. Chagua mkondo mmoja.

Mkondo wa kwanza ni wa 1978, 1981, 1988, 1989 na 1995. Halloween II ya 1981 inaendelea usiku ule ule, hospitalini, na ndiyo iliyoleta habari kwamba Michael na Laurie, msichana anayemwinda, ni ndugu. Nne na tano zinamfuata mtoto. Ya sita inaingiza kundi la kishirikina ili kueleza kwa nini Michael hafi, na hapo ndipo wengi hushuka. Mtu aliyetisha kwa sababu hana sababu akipewa sababu, anapungua.

Mkondo wa pili: 1978, 1981, kisha H20 ya 1998. Ishia hapo. Resurrection ya 2002 inaharibu mwisho mzuri wa H20 katika dakika zake za mwanzo, na hakuna deni linalokulazimisha kuiona.

Wa tatu ndio tunaoupendekeza kwa mgeni: 1978, kisha ruka moja kwa moja hadi 2018, Kills (2021) na Ends (2022). Hizi tatu za David Gordon Green zinafuta kila kitu baada ya 1978, pamoja na ule undugu. Ya 2018 ni nzuri kweli: Laurie amezeeka, amejijengea nyumba kama ngome, na uoga wake umemchosha binti yake. Kills ina vurugu nyingi na hadithi kidogo. Ends inamweka Michael pembeni muda mrefu na kumfuata kijana mpya, jambo lililowakasirisha mashabiki wengi. Waambie wageni mapema, wasikae wakimngoja.

Rob Zombie ana mbili zake, 2007 na 2009, zinazosimama peke yake. Na Halloween III (1982) haina Michael kabisa. Ni hadithi ya barakoa za watoto na mtengenezaji wao. Ilizomewa kwa sababu ya jina tu. Itazame kama filamu inayojitegemea, tena mwisho wake unauma.

Friday the 13th na Scream: nani atangulie

Friday the 13th ziko 12, kuanzia 1980 hadi 2009. Anayesubiri barakoa nyeupe ya golikipa wa hoki ya barafu aambiwe haitokei hadi sehemu ya tatu. Katika ya pili Jason, muuaji wa mfululizo huu, amevaa gunia kichwani. Nne zinatosha: ya 1, ya 2, ya 4 (1984) na ya 6, Jason Lives (1986), ambamo radi inamfufua na filamu inajua kujicheka. Ya 5 iliwaudhi watu kwa jibu lake la nani anayeua. Ya 8 ina Manhattan kwenye jina, lakini muda mwingi uko melini. Anayetaka Freddy vs. Jason (2003) atazame kwanza dakika ya mwisho kabisa ya Jason Goes to Hell (1993): ahadi ya pambano ilitolewa hapo, miaka kumi kabla.

Scream ya 1996 ije baada ya hizi, si kabla. Maswali ya simu ya mwanzo yanatoboa siri ya Friday the 13th ya 1980, na vijana wake wanatazama Halloween ya 1978 sebuleni huku filamu ikiendelea. Asiyezijua hizo mbili atapoteza nusu ya utamu. Craven aliongoza nne za kwanza. Ya tatu (2000) ndiyo dhaifu. Ya 2022 na ya 2023 zitazamwe pamoja, maana ni hadithi ya dada wawili wale wale.

Saw: usifuate kalenda ya hadithi

Saw ya kwanza (2004) iligharimu takriban dola milioni 1.2 na ikaingiza zaidi ya milioni 100, ndiyo maana ikaja nyingine kila mwaka hadi 2010. Ziko kumi. Hapa mpangilio ni wa kutoka sokoni, hata pale hadithi inaporudi nyuma. Saw X ya 2023 inatokea kati ya ya kwanza na ya pili, na kuna wajuaji watakaokushauri uiweke hapo. Usiwasikilize. Kuna mhusika ndani yake ambaye, ukimwona anafanya nini, mwisho wa Saw II unakuwa hauna siri tena. Iweke baada ya ya tatu, au mwisho kabisa.

Ya tatu na ya nne zitazamwe usiku mmoja, mfululizo, jumla kama saa tatu na dakika ishirini. Ya nne inategemea kumbukumbu mbichi ya ya tatu, na aliyeiacha wiki moja katikati atauliza maswali hadi mwisho. Ya tano inachosha. Ya sita (2009), inayomweka bosi wa kampuni ya bima ndani ya mtego, ndiyo bora kati ya zile za baadaye, na mtu yeyote aliyewahi kukataliwa dai lake la matibabu ataielewa bila maelezo. Ile ya 2010 inafunga deni la filamu ya kwanza, kwa hiyo ivumilie. Jigsaw (2017) na Spiral (2021) si lazima.

Onyo la jikoni: usiandae matumbo wala chochote cha mchuzi mwekundu siku ya Saw. Njugu na mahindi ya kuchoma yanatosha.

Mapepo: Conjuring na jamaa zake

Kwa Conjuring kuna wanaofuata miaka ya matukio: The Nun (1952), Annabelle: Creation (1955), The Nun II (1956), Annabelle (1967), The Conjuring (1971) na kuendelea hadi Last Rites (1986). Inavutia kwenye karatasi, ila inakuanzisha na The Nun, ambayo ina ukungu mwingi na hofu chache. Anza na The Conjuring ya 2013, kisha ya 2016, zote za James Wan. Baada ya hapo Annabelle: Creation, iliyo bora mbali kuliko Annabelle ya 2014 ambayo inaeleza chanzo chake. Conjuring ya tatu (2021) inatoka kwenye nyumba na kwenda mahakamani na msituni, na bila nyumba moja ya kuijua kona kwa kona, hofu inasambaa.

Insidious: ya 1, ya 2, kisha ya 2023, The Red Door, kwa sababu hizo tatu ni za familia moja. Ya 3 na ya 4 zinarudi nyuma kumfuata Elise, mwanamke anayewasiliana na mizimu. Ziweke usiku mwingine. Paranormal Activity, iliyopigwa kwa takriban dola 15,000, inatosha kwa ya kwanza na ya tatu, ile inayorudi 1988.

Za haraka

Final Destination: ya 1, ya 2, ya 5, kisha Bloodlines ya 2025. Ya 5 isitazamwe kamwe kabla ya ya kwanza. Ya 2 ina lori la magogo, basi mgeni anayesafiri kesho yake Nakuru hadi Eldoret, ambako malori hayo hayakosi, mwonee huruma. The Exorcist: ya 1973, ruka ya 1977, nenda ya 1990 iliyoongozwa na William Peter Blatty, mwandishi wa kitabu chenyewe. Alien (1979) na Aliens (1986) ni somo la namna mwendelezo unavyoweza kuwa sawa na wa kwanza: James Cameron hakurudia uoga wa kiumbe mmoja chomboni, alileta wanajeshi na viumbe wengi. Evil Dead II (1987) inarudia ya kwanza kwa kasi kisha inageuka kichekesho. Ni nzuri ya kumalizia usiku.

Giza, sauti, mabati

Zima kile kitu kinacholainisha mwendo wa picha. Kila kampuni ya runinga ina jina lake, ila ukichagua hali ya sinema kwenye menyu ya picha, mara nyingi hupungua au huzimika. Kikiwa kimewashwa, filamu ya 1978 inaonekana kama kipindi cha mapishi.

Mwangaza upime kwa tukio moja la Halloween ya kwanza. Karibu na mwisho, Laurie ameegemea ukuta kando ya mlango wa chumba chenye giza, analia. Nyuma yake, polepole, barakoa nyeupe inaanza kuonekana. Mwangaza wa runinga ukiwa juu sana, utamwona Michael tangu mwanzo amesimama tu. Ukiwa chini sana, hutamwona hadi kisu kishuke. Panda na kushuka hadi barakoa itokee yenyewe gizani, kidogo kidogo, na uache hapo. Fanya kipimo hiki usiku, taa zimezimwa, si saa tisa mchana jua likipiga pazia.

Sauti: kama mazungumzo ni ya kunong'ona na mayowe yanapasua masikio, faili ina sauti ya spika sita na wewe una mbili. Kwenye mipangilio chagua stirio. Runinga au spika ikiwa na hali ya usiku, iwashe, maana inabana tofauti kati ya chini na juu, na jirani wa ploti hatagonga ukuta. Woofa usiisukume kwenye kona ya chumba. Besi inavimba na kumeza maneno. Lakini usiizime, hasa kwa Paranormal Activity, ambayo hutanguliza mngurumo wa chini kabla ya jambo kutokea.

Halafu kuna mvua. Kakamega na Kisumu ikianza kupiga mabati, hakuna spika ya nyumbani inayoishinda. A Quiet Place (2018) na mwendelezo wake wa 2021 zinaishi kwa ukimya: ubao unaolia chini ya mguu, pumzi. Kwenye nyumba isiyo na dari, siku ya mawingu, usijaribu. Weka Aliens au Jason, zenye kelele zake, na A Quiet Place ingoje usiku mkavu.

Stima na usiku wenyewe

Runinga ya LED ya inchi 32 hula takriban wati 50, spika ndogo yenye woofa kama 30. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 ina Wh (wati-saa) 1,200, ila usiivute chini ya nusu, na inveta hupoteza kama asilimia 15. Unabaki na karibu Wh 510, yaani saa sita na kidogo. Halloween ya 1978, ya 2018 na Kills ni dakika 302, zinaingia. Ukiongeza Ends unafika 413, karibu saa saba, na betri itakuacha njiani. Stima ikipotea, chomoa runinga kwenye soketi, andika dakika mliyofikia, na ikirudi ngoja kidogo kabla ya kuchomeka, maana hurudi kwa kishindo. Na tokeni ziangaliwe kabla ya saa moja jioni, si katikati ya Dream Warriors.

Filamu tatu kwa usiku ndiyo kiasi. Ya nne watu husinzia, hata iwe nzuri namna gani. Anza saa moja na nusu, giza likiwa limeingia vizuri, na uweke iliyo nzito katikati, si mwisho. Watoto wawe wamelala. Nyingi ya hizi ni za miaka 18 na kuendelea. Ukitoza kiingilio, hata shilingi ishirini, hiyo si sebule tena: unahitaji leseni ya KFCB, bodi ya kuainisha filamu Kenya, pamoja na ruhusa ya mwenye filamu.

Acha mapumziko ya dakika kumi baada ya kila filamu, taa ziwashwe. Kwenye ploti ambazo choo kiko mwisho wa ua, baada ya Insidious hakuna atakayekwenda peke yake, kwa hiyo fanya iwe dakika kumi na tano na uweke tochi mlangoni.